Waraka wa Mke wa Pwani kwa Mume Aliye Bara

Nyaraka za Kiswahili za karne ya 19 zilizochapishwa ni zaidi za wafanyabiashara na watawala: madeni, pembe za ndovu, habari za vita. Waraka wa mke wa pwani kwa mumewe aliye bara ni adimu. Hata hivyo, uadimu huo si hoja ya kutosha kusema kwamba mapenzi hayakuandikwa. Hati ya deni ilitunzwa kwa kuwa ilikuwa ushahidi. Waraka wa salamu, ukishasomwa, haukuwa na kazi sandukuni.

Umbali wenyewe wafaa kukumbukwa. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa, kusini mwa mahali ulipo leo mji wa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Mbele ya Mpwapwa palikuwa na nyika kavu ya Marenga Mkali, jina lenye maana ya maji machungu. Kisha Ugogo, ambako watemi walitoza hongo ya nguo kabla msafara haujapata ruhusa ya kuendelea. Mume aliyevuka huko hakungojewa kwa miezi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliondoka Unguja mwaka 1870, asirejee hata mwaka 1882. Barua nazo zilikwenda kwa mwendo wa wapagazi: furushi la Livingstone lililoandikwa tarehe 1 Novemba 1870 lilimfikia Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, mkononi mwa Stanley.

Waraka uliokwenda njia hiyo ulipita kwa watu wengi. Mke asiyejua khati alimwendea mwalimu au jamaa amwandikie kwa herufi za Kiarabu, msafiri akauchukua, na huko bara, mume asiyejua kusoma alisomewa na mwingine. Siri ya nyumba ilikuwa na masikio matatu. Ndiyo maana kanuni za waraka zilifaa: sifa na dua mwanzoni, kisha *ama baad*, hali ya mwandishi, salamu za jamaa, na *wasalaam*. Kwa adabu, mke hamtaji mumewe kwa jina. Atamwita bwana, au baba wa mtoto wao. Ndani ya kanuni hizo, habari ndogo za nyumbani ndizo zilizoweza kubeba mapenzi. Mke akieleza kwamba makuti ya paa yamechakaa, au kwamba mtoto sasa anatembea, msomaji wa leo asiharakishe kuona malalamiko au habari tupu. Hilo ni neno la kumwita arudi, lililosemwa bila kutamkwa mbele ya mwandishi.

Penye utungo mwanamke alikuwa na nafasi kubwa zaidi. Mwana Kupona binti Msham, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, anakumbuka jinsi mumewe, Bwana Mataka, aliyekufa mwaka 1856, alivyomwachia radhi zake. Maneno hayo yanasemwa wazi kwa kuwa yamevaa vazi la wasia. Kinyume chake, Tippu Tip katika *Maisha* yake, yaliyochapishwa na Brode mwaka 1902 na 1903, anapotaja kumwoa binti Salum bin Abdallah el Barwani, anataja pamoja na hayo mali ya mkewe.

Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910, safari ya miezi ikawa ya siku, na shule zikaeneza herufi za Kirumi. Wengi wakaweza kujiandikia wenyewe. Lakini salamu zilibaki mwanzoni, na habari za nyumba zikabaki katikati. Leo mfanyabiashara wa pwani anayefuata mahindi katika soko la Kibaigwa huzungumza na mkewe kwa simu, wala maneno yao hayaachi karatasi.

Basi wakusanyaji wa nyaraka wana kazi mbili. Kwanza, kuziomba familia za pwani karatasi walizozidharau kwa kuwa hazina deni wala mirathi ndani yake, kabla mchwa hawajazimaliza. Pili, kuzisoma kwa kanuni za zama zake. Kwani atafutaye neno *nakupenda* peke yake huenda akasoma sanduku zima asilione.