Agano Jipya la Mfungwa

Leo nataka kuwasimulia habari za kitabu kimoja kidogo, na za mtu aliyekiweka chini ya mto wake wa kulalia kwa miaka minne.

Mtu huyo ni Fyodor Dostoevsky, mwandishi wa Urusi. Mwezi wa Aprili 1849 alikamatwa na wenzake kwa kukutana na kusoma maandishi yaliyokatazwa na serikali ya mfalme. Tarehe 22 Desemba walipelekwa uwanjani mjini St Petersburg, wakasomewa hukumu ya kifo. Watatu wa kwanza wakafungwa kwenye nguzo, askari wakainua bunduki. Dostoevsky alikuwa katika kundi la pili. Ndipo ngoma zikalia, ikatangazwa kwamba mfalme amewahurumia! Mambo yote yalikuwa yamepangwa tangu mwanzo ili kuwatisha. Mmoja wao alirukwa na akili.

Hukumu yake ya kweli ilikuwa kazi ngumu huko Omsk, Siberia, miaka minne, miguu ikiwa katika pingu. Njiani, mjini Tobolsk, walikutana na akina mama ambao waume zao walihamishiwa nchi ile kwa sababu ya uasi wa mwaka 1825. Akina mama hao wakampa kila mfungwa Agano Jipya la Kirusi, na ndani ya jalada walikuwa wameficha rubo kumi. (Walijua kwamba mfungwa anahitaji Neno, na pia anahitaji mkate.) Agano hilo la Dostoevsky, lililopigwa chapa mwaka 1823, limehifadhiwa Moscow hata leo. Lina alama nyingi, nyingine zimekwaruzwa kwa ukucha tu. Injili ya Yohana imejaa alama hizo.

Wahubiri wengi huishia hapo: mfungwa alipata Neno, akatoka, akawa mtu mkuu. Lakini mimi naona mtihani mzito ulimngoja nje ya gereza. Mwaka 1868 alimzika binti yake Sofya, mtoto wa miezi mitatu. Kisha Mei 1878, mwanawe Alyosha, ambaye hajatimiza miaka mitatu, alishikwa na kifafa akafa. Baba yake naye alikuwa na kifafa. Fikiri, ndugu yangu, baba kujua kwamba mtoto amekufa kwa ugonjwa aliorithi kwake.

Mke wake, Anna, alipoona jinsi anavyodhoofika, alimwomba rafiki amsindikize hadi nyumba ya watawa ya Optina. Huko alizungumza na mzee mmoja aitwaye Amvrosy. Aliporudi, aliandika riwaya yake ya mwisho, juu ya ndugu wa jamaa ya Karamazov, na ndani yake akamweka mama mmoja maskini aliyefiwa na mtoto wa umri ule ule, mwenye jina lile lile. Mama anamwendea mzee mtawa. Mzee anaanza na faraja tuliyoizoea sote, kwamba mtoto yuko pamoja na malaika. Mama anajibu kwamba mumewe humwambia hivyo hivyo, lakini yeye anatamani kusikia tena vishindo vya miguu yake midogo. Ndipo mzee anaacha. Anamkumbuka Raheli aliyewalilia watoto wake asikubali kufarijiwa, na kumruhusu mama huyu alie.

Niliposoma sehemu hiyo niliona haya. Katika miaka yangu ya kwanza ya uchungaji nilisimama kando ya kaburi la mtoto na kumwambia mama yake akauke machozi, kwa maana ni mapenzi ya Mungu. Alinyamaza. Nilidhani nimemfariji.

Katika riwaya hiyo hiyo, Ivan, mmoja wa ndugu wale, anauliza kwa uchungu kwa nini watoto wasio na hatia wateseke, na hakuna anayemshinda kwa hoja. Mwandishi hakumnyamazisha. Ila mwanzoni mwa kitabu aliweka lile neno la Bwana katika Yohana 12:24, juu ya chembe ya ngano ambayo isipoanguka ardhini na kufa hukaa peke yake. Dostoevsky alifariki mwaka 1881, na neno hilo limechongwa kwenye kaburi lake.

Riwaya inamalizika kwa maziko ya mtoto mwingine, Ilyusha. Mtoto mwenyewe alikuwa amemwomba baba yake amwagie makombo ya mkate kaburini ili ndege waje, asijione mpweke, na baba anafanya hivyo. Baadaye wenzake wa shule wanasimama karibu na jiwe alilolipenda, na mmoja anauliza kama ni kweli kwamba wote watafufuka na kuonana tena. Alyosha Karamazov anamjibu, nusu akicheka, kwamba hakika watafufuka, wataonana, na kusimuliana yote kwa furaha. Kisha anawashika mikono, wakaenda pamoja kula chakula cha matanga.