Kabla ununue ile pampu ya kuchaji, skia stori ya upepo

Juzi saa kumi na moja asubuhi mzee wangu alitoka aende job akapata Probox imelala upande mmoja. Msee wa pancha hapa Kariobangi hufungua saa moja. Jirani akatoa kidude kama power bank, akakifunga kwa valvu, na baada ya dakika chache tairi ikasimama. Tangu hiyo siku mzee ananisumbua nimtafutie yake. Nilianza kutafuta pampu, nikaishia kusoma historia. Na wasee, historia ya huu upepo imepitia Congo mara mbili.

Mara ya kwanza ni tairi yenyewe. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alisajili tairi ya kujazwa upepo. Alikuwa ameitengenezea baiskeli ya magurudumu matatu ya kijana wake. Kumbe Robert William Thomson wa Scotland alikuwa amesajili wazo hilo hilo 1845, ila wakati huo hakukuwa na soko. Sasa baiskeli zilikuwa zimeshika, magari yakafuata, na viwanda vikataka mpira mwingi, haraka.

Congo ilikuwa na mpira msituni, na kuanzia 1885 ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Vijiji vilipangiwa kiasi cha kuleta. Walioshindwa walichapwa, wakauawa, wanawake wakashikwa mateka. Mwaka 1904 Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja, Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake. Ni vyote alivyobaki navyo. Picha kama hizo zilisaidia kuamsha kelele, na 1908 Leopold akanyang'anywa Congo.

Mara ya pili ni betri. Sony walianza kuuza betri za lithiamu za kuchaji 1991, zikiwa na kobalti ndani. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Congo, sana sana maeneo ya Kolwezi. Huko watu wanaongea Kiswahili, kama mimi na wewe. Wengine wanachimba kwa mikono, kwa mashimo yanayoweza kuwaporomokea, na watoto pia wamepatikana wakifanya hiyo kazi.

Sisemi usinunue. Hata simu unayosomea hii huenda ina hiyo kobalti. Nasema usinunue kitu cha kutupa. Mimi niliuliza maswali manne. Inafikisha presha ya gari yenu? Namba iko kwa stika ya mlango wa dereva. Gari ndogo nyingi ni PSI 30 hadi 35. Inajizima yenyewe ikifika hapo? Betri ni aina gani? Zile za LFP hazina kobalti. Na imefungwa kwa skrubu ama kwa gundi? Ya skrubu, fundi pale Light Industries anaifungua na kubadilisha betri. Ya gundi ikikufa, safari yake ni Dandora, kwa dampo.

Mzee alitaka ile ya bei rahisi. Tulibishana siku mbili, tukaongeza doo, tukachukua ya skrubu. Na msee wa pancha bado tunamhitaji, juu hakuna pampu inang'oa msumari.

Yako imedumu muda gani? Niambie hapo chini.