Kandanda na Bendera Visiwani

Barazani husemwa kwamba siasa na michezo ni kama maji na mafuta, havichangamani. Historia ya Unguja inasimulia mengine. Kandanda liliingia kisiwani likiwa limeshikana mkono na utawala, na hadi leo mikono hiyo haijaachana.

Mpira ulianza kupigwa Kiungani, kusini ya Mji Mkongwe, katika chuo cha wamisionari Waingereza wa UMCA, mwishoni mwa karne ya 19. Walimu walikusudia kuwazoesha vijana utii na nidhamu. Vijana waliupokea mchezo, wakautia ya kwao. Baina ya vita vikuu viwili vya dunia timu zilikwisha kuenea mitaani, na viwanja vya Mnazi Mmoja, vilivyoutenga mji wa mawe na makaazi ya wanyonge wa Ng'ambo, vikageuka mahali pa kukutania. Hapo mtu wa Ng'ambo aliweza kumshinda mtawala mbele ya kadamnasi, na asishitakiwe.

Mwaka 1949 Zanzibar iliingia katika Kombe la Gossage, lililoanza 1926 baina ya Kenya na Uganda na kubeba jina la kampuni ya sabuni. Tanganyika ilitangulia mwaka 1945. Kwa hivyo jina la Zanzibar lilikwisha kuandikwa miongoni mwa timu za Afrika Mashariki miaka 14 kabla ya uhuru wa Disemba 1963. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, ukafuata Muungano wa Aprili. Kiti cha Zanzibar katika Umoja wa Mataifa kikaondoka, lakini timu yake ikabaki uwanjani.

Serikali ya Mapinduzi nayo haikuuacha mpira upite njia yake peke yake. Uwanja wa Amaan, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1970, umekuwa wa mechi na wa gwaride pia. Marais wameapishwa hapo, na kila Januari Kombe la Mapinduzi huikumbusha jamii tarehe 12. Mwaka 1995, mwaka ule ule wa uchaguzi wa Oktoba uliowapasua watu wa visiwa baina ya CCM na CUF, timu ya Zanzibar ilitwaa Kombe la Chalenji nchini Uganda. Kombe hilo halikuwa la chama hiki wala kile.

Fundo lenyewe lipo katika sheria. Michezo haimo katika orodha ya mambo ya Muungano iliyoambatishwa na Katiba ya 1977. Ndani ya nchi, basi, Zanzibar ina mamlaka yake ya michezo. Nje ya nchi, FIFA inaitambua Tanzania moja tu. Tarehe 16 Machi 2017, mjini Addis Ababa, Shirikisho la Kandanda la Afrika liliikubali Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Tarehe 21 Julai, mjini Rabat, likaufuta uanachama huo, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Furaha ilidumu miezi minne.

Jibu la wachezaji lilitoka Kenya mwezi wa Disemba mwaka huo huo. Katika Kombe la Chalenji waliifunga Tanzania Bara, wakaitoa Uganda katika nusu fainali, na wakatoka sare ya 2-2 na wenyeji katika fainali ya Machakos, kabla ya kushindwa kwa penalti. Walirudi Unguja bila ya kombe, na wakapokewa kishujaa.

Nadir Haroub, aliyejulikana kwa jina la Cannavaro, aliwahi kuwa nahodha wa Zanzibar na pia wa Taifa Stars. Mshairi angeiona hali hiyo kama mshororo wenye ukwapi na utao: kila kipande kina kina chake, na mstari ni mmoja. Waliokaa Rabat walitaka kina kimoja tu. Huenda sheria yao iliwaruhusu. Lakini kuamua nchi ni ipi, na nani avae jezi yake, ni siasa tangu mwanzo hadi mwisho. Anapoambiwa Mzanzibari asichanganye siasa na mpira, huwa anaombwa aikubali siasa ya mwengine, iliyokwisha kuamuliwa kabla filimbi haijapulizwa.