Si kila ubongo una ramani moja ya mishipa

Jamaa zetu waliohamia bara ni wengi, wengine wako Majengo ya Embu na wengine mjini Meru, na kwa kuwa niliwahi kuishi huko, maswali yao hunifikia kwa simu. Hivi karibuni nimeulizwa na watoto wa mama mmoja wa Embu. Mama aliumwa kichwa, akapigwa picha ya mishipa, na ripoti ikasema mshipa mmoja wa nyuma ya ubongo "hauonekani". Hakuna aliyewaeleza maana yake. Wakaanza kuchanga pesa za operesheni ambayo daktari hakuitaja, huku shangazi mmoja akinong'ona habari za husuda.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hupokea takriban asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo. Damu hiyo hupanda kwa ateri nne: mbili mbele ya shingo, pale unapopapasa mapigo, na mbili zinazopita ndani ya mifupa ya shingo kwa nyuma. Zikifika chini ya ubongo huunganishwa na vijishipa vidogo, pakawa na duara. Duara hilo lina jina la Thomas Willis, tabibu Mwingereza aliyelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664. Willis alisimulia juu ya maiti ya mtu ambaye ateri moja ya shingo ilikuwa imeziba kabisa, na uhai wake wote hakupata kiharusi. Damu ilizunguka kwa njia nyingine.

Kabla yake, Galen alidhani binadamu ana wavu wa mishipa chini ya ubongo, na matabibu wakamfuata kwa karne nyingi. Wavu huo upo kweli, ila kwa kondoo, ng'ombe na mbuzi, hata yule tunayemchinja Idi. Binadamu hana.

Sasa, duara la vitabuni ni watu wachache kuliko unavyodhani walio nalo kamili. Kwa wengi kuna kiungo chembamba mno au kisichokuwepo. Wapo ambao sehemu ya nyuma ya ubongo hulishwa na ateri ya mbele ya shingo, kama ilivyokuwa tumboni mwa mama. Hili si nadra, na ndilo husababisha ripoti kama ile ya Embu: mshipa haukuonekana mahali pake kwa sababu umetokea upande mwingine.

Nadra hasa ni mengine. Ateri ya trijemina, inayounganisha mbele na nyuma kwa mimba changa kisha kufungika, hubaki wazi kwa mtu chini ya mmoja kati ya 100. Kukosa kabisa ateri ya ndani ya shingo upande mmoja ni chini ya mtu mmoja kati ya 10,000. Na ipo ateri ya Percheron, shina moja linalolisha pande zote mbili za kiini cha ubongo. Likiziba, mgonjwa hulala usingizi mzito ghafla, bila mkono wala mguu kupooza, na watu hudhani amechoka au amepagawa.

Kuzaliwa na tofauti hizi si ugonjwa, na wengi hufa uzeeni bila kujua. Ila zina uzito wake. Upande mmoja wa duara ukiwa mwembamba, upande wa pili hubeba mzigo mkubwa, na ukuta wa mshipa unaweza kutuna kama puto. Ukipasuka, kichwa huuma ghafla kuliko maumivu yoyote aliyowahi kuyapata mtu. Na njia ya akiba ikikosekana, damu ikiganda mahali padogo tu madhara huwa makubwa. Kwa mtu kama huyo presha, sukari na sigara si mambo ya kuahirisha.

Swali la kumuuliza daktari ni fupi: je, mshipa huu nimezaliwa hivi, au umeziba? Majibu mawili hayo hayana tiba moja. Ombeni na nakala ya picha zenyewe, si karatasi ya ripoti peke yake. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, na kutoka Meru hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200. Mdomo ukipinda au ulimi ukiwa mzito, nendeni hospitali kubwa iliyo karibu saa hiyo hiyo, na picha za zamani ziwe mkononi.