Vikombe vya Sinia na Alizeti ya Singida

Chukua sinia la duara ambalo upana wake ni sawa na vikombe vitatu vya kahawa vilivyowekwa mstari mmoja. Panga vikombe sita kuzunguka ukingo, vyote vigusane. Katikati itabaki nafasi ya kikombe kimoja kamili, haizidi wala haipungui. Basi sinia dogo kabisa litoshalo sita ndilo hilo hilo litoshalo saba. Mama zetu wanalijua hilo kwa mikono yao, bila ya kushika kalamu.

Lakini kuona si kuthibitisha. Nani ajuaye kama hatatokea mwerevu akavipanga vyengine, sita vikaenea katika sinia dogo zaidi? Swali hili halikufungwa mpaka mwaka 1968, Ronald Graham wa Marekani alipotoa hoja kamili kwa vikombe hadi saba. Mwaka uliofuata Udo Pirl, Mjerumani, akafikisha kumi. La ajabu ni kwamba Ferenc Fodor wa Hungaria alithibitisha mpango wa vikombe 19 mwaka 1999, ndipo mwaka 2000 akamaliza 12! Hivyo 19 hukaa kimoja kati, sita wakikizunguka, na 12 ukingoni. Na hata wale saba wetu, waliokaa vizuri namna ile, huchukua mafungu saba tu katika tisa ya sinia. Mawili ni tupu.

Sasa tutoke pwani twende Singida, mkoa unaosifika kwa alizeti. (Huenda samaki wako wa leo amekaangwa kwa mafuta ya huko.) Tazama kichwa cha alizeti kilichokomaa. Ni sinia lile lile, ila mbegu ni mamia kwa mamia, nazo hazikupangwa duara ndani ya duara. Kila moja imepishana na iliyoitangulia kwa pembe ya karibu nyuzi 137.5. Mjerumani mwengine, Helmut Vogel, aliandika kanuni yake mwaka 1979: kwa pembe hiyo mbegu hubanana sawasawa, ziwe mia au elfu.

Hesabu mistari inayojipinda. Mara nyingi utapata 34 upande huu na 55 upande ule, namba za mfuatano ambao kila moja ni jumla ya mbili zilizotangulia. Wataalamu wa Bara Hindi waliujua zamani. Ulaya uliandikwa mwaka 1202 na Leonardo wa Pisa, ambaye tarakimu zenyewe alifundishwa utotoni katika bandari ya Waislamu ya Bugia, Algeria, alikopelekwa na baba yake.