Utu katika chumba cha eksirei: Haki ya mgonjwa wa visiwa vya Lamu

Kwa mgonjwa atokaye Faza, Siyu au Kizingitini katika kisiwa cha Pate, safari ya kupigwa picha ya eksirei huanza baharini. Hospitali ya King Fahd, iliyo kuu katika kaunti, imo mjini Lamu. Akirudishwa kwa kuwa hakuelezwa masharti ya uchunguzi, hupoteza nauli, siku nzima na pengine nafasi ya ugonjwa kugunduliwa mapema.

Huruma, basi, ni sehemu ya tiba yenyewe. Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen nchini Ujerumani mwaka 1895, hutumia mionzi. Mgonjwa akitikisika kwa hofu, au asipofahamu agizo la kuzuia pumzi, picha huharibika na kurudiwa, naye huongezewa mionzi bure. Mwanamke huulizwa faraghani, kwa staha, iwapo ana mimba.

Uchunguzi wa mawimbi ya sauti hauna mionzi hiyo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito afanyiwe mmoja kabla ya wiki 24. Lakini kwa mimba changa mara nyingi hutakiwa kunywa maji ili kibofu kijae, ilhali uchunguzi wa ini na nyongo hutaka mtu akae saa kadhaa bila kula. Katika mwezi wa Ramadhani tofauti hiyo ni kubwa. Dini humruhusu mgonjwa kula, ila wengi huchagua kufunga. Uchunguzi wa ini waweza kufanywa mchana. Ule wa kibofu, usipokuwa wa dharura, hupangiwa wakati mwingine.

Stara nayo ina uzito. Mkufu au hirizi yenye madini huonekana kwenye picha na kuficha kilicho nyuma yake. Mwenye kuvua buibui au hirizi aelezwe sababu, apewe vazi na pazia, na akiomba mhudumu wa kike, atafutiwe.

Haya si hisani. Katiba ya Kenya ya 2010 hulinda heshima ya mtu katika kifungu cha 28, faragha katika cha 31 na afya katika cha 43. Sheria ya Afya ya 2017 nayo hutaka mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha aifahamuyo. Kabla ya kupanda chombo, ni vyema aulize: nile au nisile, ninywe au nisinywe?