Mshale wa Waata na Mshale wa Kaboni

Vijana ninaowafundisha kupiga upinde hapa Malindi huja na swali hata kabla hawajajua kusimama: tununue mishale ya kaboni au tuchonge ya mti? Wengi hudhani wanauliza habari ya fedha, au ya usasa na ukale. Mimi huwajibu kwa historia, kwa kuwa nyika iliyo nyuma ya mji wetu, kuanzia Mto Sabaki hadi Tsavo, ilikuwa na mafundi wa mishale waliolipatia swali kama hilo majibu mazito.

Mafundi hao ni Waata, ambao wageni waliwaandika vitabuni kwa jina la Waliangulu. Waliishi kwa upinde. Pembe za ndovu waliowaangusha zilishuka pwani na kupakiwa majahazini, na pwani nayo ilizijua pinde za bara kwa sababu nyingine pia: Agosti 1505, Francisco de Almeida alipoishambulia Mombasa, Wareno waliandika habari za wapiga pinde walioletwa kutoka bara kuulinda mji.

Upinde wa Mwaata haukuwa wa mchezo. Waliowahi kuupima walikuta uzito wa kuuvuta ukipita ratili 100, yaani zaidi ya kilo 45, ilhali vijana wangu hutoka jasho kwa upinde wa ratili 35. Kwa nguvu hiyo, pinde za nyika yetu zinastahili kutajwa pamoja na zile za Waingereza zilizokutwa ndani ya meli Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982. Lakini Mwaata alikuwa na shughuli moja ambayo askari yule wa Uingereza hakuwa nayo: kumkaribia ndovu hatua chache tu, upepo ukimjia usoni, na kumfuma ubavuni mshale uzame mpaka sumu ifike penye damu nyingi.

Ukitaka kuelewa mshale wake, usiutazame kama kijiti chenye ncha. Ulikuwa na sehemu tatu. Mbele kulikuwa na chembe ya chuma. Chembe hiyo ilikaa juu ya kijiti kifupi kilichopakwa sumu, na kijiti hicho kilichomekwa kwenye wano refu lenye manyoya. Mshale ukishaingia mwilini, wano hudondoka, na chembe hubaki ndani na kijiti chake. Mnyama akikimbia vichakani, hakuna mti wa kunasa mshale na kuung'oa, na mwindaji huliokota wano lake akalitumia tena. Kila sehemu ilipewa kitu kinachoifaa: chuma cha kukata, mti wa kunyumbuka, unyoya wa kuongoza, kano za kufungia na ngozi laini ya kuviringishia sumu isikauke.

Tena kila sehemu ilikuwa na watu wake. Chuma kilitoka kwa wahunzi, na misumari ilipoenea ikafuliwa kuwa chembe. Sumu ilitokana na mti wa msunguti, na Wagiriama walikuwa wapishi wake mashuhuri, wakiwauzia Waata na Wakamba. Vipande vya mti huchemshwa kwa saa nyingi mpaka maji yageuke lami nyeusi. Mwaka 1888 mwanakemia Mfaransa, Léon-Albert Arnaud, aliitenga kemikali iliyomo, uabaini, ambayo huukamata moyo na kuusimamisha.

Namna ya kuijaribu sumu hiyo inaonyesha umakini wa mafundi wake. Mtu alijichanja kidogo, akaiacha damu itiririke chini kwa mstari mwembamba, kisha akaigusisha sumu kwenye ncha ya mstari ule, mbali na jeraha. Damu ikianza kuwa nyeusi na weusi ukapanda, sumu ni kali. Ilimbidi aifute damu kabla weusi haujafika kwenye mchanjo. Asingeuza wala kununua kitu ambacho hakukithibitisha kwa namna hiyo.

Lililonigusa kuliko yote ni alama. Kila mwindaji aliichora mishale yake alama yake mwenyewe. Ndovu akikutwa amekufa siku kadhaa baadaye, mbali na pale alipofumwa, alama ya mshale ndiyo iliyosema pembe ni za nani, na ugomvi ukaisha. Hapakuwa na mshale usio na mwenyewe.

Mwisho wa maisha hayo unajulikana. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, na ardhi ya kuwinda ikawa ardhi ya kukamatwa. Mwaka 1956 na 1957 ikafanywa kampeni kubwa dhidi ya ujangili, ikiongozwa na wahifadhi wa mbuga kama David Sheldrick na Bill Woodley, na Waata wengi wakaishia jela. Mwaka 1960 ukaanzishwa mradi wa Galana kando ya mbuga, kwa nia ya kuwarudishia Waata riziki kwa njia ya halali, lakini ndovu wa mradi walipigwa kwa bunduki. Uwindaji wote ulipopigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, upinde ulikuwa umeshatundikwa siku nyingi. Sililii kuuawa kwa ndovu, na namshukuru Mungu kwamba wapo. Ninacholilia ni elimu iliyozimwa pamoja na uwindaji, kana kwamba kujua kunyoosha wano nako ni kosa la jinai.

Elimu hiyo niliiona kwa mzee mmoja wa Kiwaata upande wa Marafa. Alikuwa akikata vichipukizi vya mkole, anavimenya na kuviacha vikauke kivulini. Kisha hupitisha kimoja juu ya makaa, hukiuma kwa meno pale palipopinda, hukivuta taratibu, halafu hukiinua jichoni na kukitazama urefu wake wote. Kilichonyooka hakijafuzu bado. Alikishika ncha zote mbili, akakikunja kidogo, akakiachia. “Huu ni wa upinde wa kijana, mwanangu,” akasema, akauweka kando. Mwingine akaubakisha kwa ajili ya upinde wake. Macho yangu hayakuona tofauti, ila mikono yake iliihisi.

Na hapo ndipo kaboni inapoingia. Ugwe ukiachiwa, wano haliendi moja kwa moja. Hujikunja, likauzunguka mpini wa upinde, kisha likajinyoosha likiwa angani. Likiwa gumu kupita kiasi, mpigaji wa mkono wa kulia huona mshale ukienda kushoto. Likiwa laini kupita kiasi, huenda kulia. Mti haujui kufanana: vichipukizi viwili vya kichaka kimoja vina ugumu mbalimbali. Jambo hilo ndilo lililomchosha Doug Easton wa California, aliyeanza kwa kutengeneza mishale ya mti mwaka 1922, akahamia alumini mwaka 1939. Nyuzi za kaboni zikafuata katika miaka ya 1980. Leo kiwanda kinakupa dazeni ya mishale inayolingana uzito na ugumu, isiyopinda kwa unyevu wa masika.

Sifa hizo ni za kweli, na sitaki vijana wazidharau. Ila kaboni nayo ina masharti yake. Mshale mwepesi kupita kiasi hauuchukui mshindo wote wa upinde. Mshindo unaobaki huurudia upinde wenyewe, na upinde wa mti unaweza kupasuka. Wano la kaboni lenye ufa haliuonyeshi kila mara. Lisipokunjwa na kusikilizwa kabla ya kupigwa, linaweza kuvunjika vipande vikali vikauingia mkono. Hata manyoya ya plastiki hayafai kwa upinde usio na kikalio cha mshale, kwani hugonga mpini. Unyoya wa ndege hulala, ukapita. Mti hutoa sauti, hupinda, huonyesha ugonjwa wake mapema, na hutengenezeka kwa kisu na moto.

Kwa hiyo siwaambii vijana kwamba mti ni wetu na kaboni ni ya wageni. Waata wangecheka hoja hiyo. Msumari nao ulikuwa mgeni, na waliufua. Kichwa cha kufungua na kufunga kwa hesi kwenye mshale wa kaboni kina busara ileile ya kijiti chao kifupi: sehemu inayoharibika iweze kubadilishwa, wano lidumu. Hawakukataa kitu kwa upya wake. Walikataa kitu wasichokijua.

Msimamo wangu ni huu. Anayekwenda kushindania pointi na mshale wa kaboni unaruhusiwa, na autumie. Ajue pia kwamba katika daraja la upinde mrefu kanuni za shirikisho la dunia zinadai mishale ya mti. Anayesema anaendeleza upigaji wa jadi, basi aanze na mti, kwa sababu jadi yenyewe ni kule kukata, kunyoosha, kupima na kufunga, na kurusha ni sehemu ya mwisho tu. Katika kikundi chetu hakuna anayepiga mshale wa kaboni mpaka atengeneze wa mti unaoruka sawasawa kutoka kwenye upinde wake, na auchore alama yake. Sumu hatuigusi, na shabaha yetu ni magunia. Wazee wanaojua kazi hii bado wapo Marafa na Chakama. Aliye na mtoto mwenye hamu na ampeleke mwaka huu, akakae nao, ajifunze kwa mikono.